Kubadili asiransi ya gari: namna ya kufunga kontra ya zamani bila kubaki wazi

Kununua asiransi, wenye magari na wenye pikipiki wengi wa mashariki ya Kongo wanajua namna inafanyika. Mtu anaenda ku biro, analipa, anapewa atestasio, anaiweka ndani ya gari, na askari wa barabara akiiomba anaionyesha. Lakini namna ya kutoka katika asiransi moja na kuingia katika ingine, hiyo haijulikane sana. Kuna wanaowaza kama ukiacha kulipa, kontra imekufa yenyewe. Wengine wanavunja ya zamani Juma Tatu, kiisha wanangojea mwisho wa juma wapate franga za kulipia mpya. Katika zile siku za katikati, gari inatembea barabarani na hakuna kampuni yenye kuijibia kama imegonga mtu.

Kanuni kubwa iko moja tu: kontra ya zamani inafungwa kwa maandishi, na mpya inaanza pale pale ya zamani inaishia. Yote yanayofuata hapa ni namna ya kufikia hapo.

Zamani hapakuwa pa kwenda

Watu wazima wanakumbuka wakati asiransi katika Kongo ilikuwa jina moja tu: SONAS, kampuni ya Serikali iliyoundwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ililazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi ya kulipa watu wengine atakaowaumiza ao kuwaharibia vitu. Kwa miaka mingi, hiyo asiransi ilipatikana mahali pamoja. Neno la kuhama kampuni halikuwa na maana, sababu hapakuwa pa kuhamia.

Hiyo ilibadilika kwa sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ile inayoitwa Code des assurances. Ilifungua soko kwa kampuni za watu binafsi na ikaweka mamlaka ya kuzisimamia, ARCA. Mwaka 2019 ARCA ikatoa ruhusa za kwanza. Leo SONAS ingali inafanya kazi, lakini pembeni yake kuna zingine kama Rawsur, Activa ao Sunu. Mwenye gari anaweza kulinganisha bei, kuangalia ni nani analipa haraka kiisha ajali, na kuhama kama hafurahi. Ni haki yake. Tena kampuni inayopoteza mteja haina ruhusa ya kumlazimisha abaki, ikiwa amefuata yale yaliyoandikwa katika kontra.

Ile asiransi ya lazima inamlinda nani?

Kwenye makaratasi inaitwa «responsabilité civile», ao RC. Watu wengi wanaichukua kama kodi ya kutulizia askari barabarani. Sivyo. RC inalipa mtu mwingine: mwenye kugongwa, mwenye duka lililobomolewa ukuta, abiria aliyevunjika mguu. Gari ya mwenyewe hailipwe na RC. Kwa hiyo kuna asiransi ya kuongeza, na inauzwa kando.

Tuseme motari mmoja wa Bunia. Kontra yake inaisha tarehe 10 usiku. Amekwisha kuambia kampuni ya zamani kama anaondoka, na kampuni mpya imemwandikia bei, lakini atalipa tarehe 15. Tarehe 12, mvua inanyesha, anateleza, anagonga mama mwenye kuuza ndizi kando ya barabara. Mama anavunjika mfupa wa paja. Kampuni ya zamani itasema: kontra iliisha tarehe 10. Ile mpya itasema: hajalipa, hakuna kontra. Zote mbili zina haki. Deni ya hospitali inabaki juu ya motari, na kama hana kitu, inabaki juu ya yule mama na watoto wake. Ndiyo maana siku mbili ao tatu bila asiransi haziko jambo dogo, hata kama hakuna askari aliyesimamisha pikipiki.

Maneno manne ya kutafuta katika kontra

Kontra za asiransi ziko katika Kifaransa, na herufi zake mara nyingi ni ndogo. Mtu asiyesoma Kifaransa vizuri aombe mtoto wake, mwalimu, ao jirani amusaidie kutafuta maneno haya manne, zaidi sana katika kurasa zinazoitwa «conditions générales» na «conditions particulières».

«Échéance» ni siku ya kuisha kwa kontra. Iko pia imeandikwa juu ya atestasio.

«Tacite reconduction» ni kusema kontra inajirudilia yenyewe. Kama haya maneno yako ndani, siku ya kuisha ikifika na mtu hajasema kitu, kontra inaanza tena kwa muda mwingine. Kama hayako, ao kama imeandikwa «sans tacite reconduction» ao «durée ferme», kontra inakufa siku yake na hakuna barua ya lazima. Asiransi nyingi za muda mfupi, za miezi 3 ao 6, ni za namna hiyo. Hata hivyo, kuhakikisha ni vizuri kuliko kukisia.

«Préavis» ni muda wa kuonya mbele. Kama kontra inasema mwezi mmoja, barua inapashwa kufika ku biro mwezi mmoja mbele ya siku ya kuisha. Si siku ya kuiandika inahesabiwa, ni siku imefika na kupokelewa.

«Résiliation» ni kuvunja kontra. Katika ule mstari ndimo wanaandika sababu zinazokubaliwa za kuivunja katikati ya mwaka, na namna ya kufanya. Sababu za kawaida ni gari kuuzwa, gari kuharibika kabisa ao kuibiwa, na mwenyewe kuhama.

Neno «police» nalo linavuruga wengi. Katika asiransi, «numéro de police» haiko namba ya askari. Ni namba ya kontra. Ndiyo itaandikwa katika kila barua.

Hatua kwa hatua

1. Kuanza mapema. Miezi 2 mbele ya kontra kuisha, mtu atoe makaratasi yake yote na atafute yale maneno manne. Mwenye kuanza juma la mwisho, mara nyingi muda wa préavis umekwisha kupita.

2. Kuomba bei ku kampuni zingine, kwa maandishi. Zilinganishwe kitu na kitu kama chenyewe: RC na RC, miezi 12 na miezi 12. Bei ndogo inaweza kuwa inaficha asiransi inayolinda vitu vichache. Aangalie pia «franchise», ni kusema sehemu ya hasara ambayo mwenyewe anabeba mbele kampuni ilipe.

3. Kusema ukweli kwa kampuni mpya. Mwaka wa gari, kazi inayofanya (ya nyumbani ao taksi), idadi ya abiria, ajali za mbele. Gari ya taksi iliyoandikwa kama gari ya nyumbani inakuwa sababu ya kukataliwa malipo siku ya shida. Ni muzuri kuomba kampuni ya zamani karatasi inayoonyesha ajali ngapi zilitangazwa, ao kama hakuna hata moja. Ile karatasi inaweza kusaidia kupunguza bei.

4. Kupata kwanza kontra mpya, kiisha kuacha ya zamani. Mpya isainiwe na ilipwe mbele, na tarehe ya kuanza ilingane na ya kuishia. Mfano: ya zamani inaisha tarehe 14 Septemba saa sita ya usiku, mpya iandikwe kuanza tarehe 15 Septemba saa sita ya usiku. Asiransi mbili kwa wakati mmoja hazilipe mara mbili: kampuni zote mbili pamoja haziwezi kulipa kupita hasara yenyewe. Kwa hiyo kurudilia miezi mizima ni kutupa franga. Lakini kama mtu anapashwa kuchagua kati ya siku moja ya kurudilia na siku moja ya kubaki wazi, achague kurudilia, na aambie kampuni zote mbili.

5. Kuandika barua ya kuvunja. Haiombe maneno mengi. Inataja jina la mwenye kontra sawa vile liko juu ya kontra, namba ya «police», namba ya plake ya gari, tarehe kontra inapashwa kuisha, na sababu kama kontra inaiomba. Kwa sababu biro nyingi zinafanya kazi kwa Kifaransa, mstari mmoja unatosha: «Je résilie mon contrat numéro … à compter du …». Kiisha tarehe, mahali na sinyatire. Kama kontra iko kwa jina la kampuni, shirika ao kanisa, anayesaini ni yule mwenye mamlaka, na muhuri unawekwa.

6. Kupeleka barua nakala mbili. Moja inabaki ku biro, ya pili inarudi na mwenyewe ikiwa na tarehe, jina la aliyepokea, sinyatire na muhuri wa kampuni. Hiyo inaitwa «accusé de réception». Bila hiyo, barua ni kama haikuandikwa. Ku njia ya simu, kumwambia ajenti «nimeacha, musinirudilie tena» haiko ushuhuda. Kwa mambo makubwa, kama magari mengi ya kampuni moja, wisie wa tribinali anaweza kupeleka ile barua na kuandika kama imefika.

7. Kuomba jibu la maandishi. Kampuni ya zamani itoe karatasi inayosema kontra namba fulani imefungwa tarehe fulani na hakuna deni. Ndiyo itazuia mtu kuombwa malipo ya mwaka mwingine.

8. Kurudisha atestasio kama kontra imevunjwa mbele ya muda wake. Kampuni inaiomba sababu, hata imevunjwa, ile karatasi ikionyeshwa barabarani inadanganya kama gari inalindwa. Mbele ya kuirudisha, mtu apige fotokopi. Na asiirudishe kama bado hajashika ile mpya mkononi.

Kuacha kulipa haiko kuvunja

Hili ndilo kosa linalorudi sana. Mtu analipa kwa vipande, kiisha kipande cha pili anaacha, akiwaza kama yameisha. Kwa upande wa ulinzi, kweli yameisha: kampuni inaweza kusimamisha asiransi sababu ya malipo kukosa. Lakini kwa upande wa deni, kampuni inaweza kuomba sehemu iliyobaki, sababu kontra ilisainiwa kwa muda mzima. Mtu anabaki na deni bila kuwa na ulinzi. Barua moja iliyopokelewa inazuia hayo yote.

Franga zinazobaki

Kontra ikivunjwa mbele ya muda kwa sababu inayokubaliwa, mara nyingi kuna sehemu ya malipo inayorudi, ile ya siku ambazo kampuni haitalinda tena. Hesabu yake iko rahisi. Tuseme mtu alilipa dolari 146 kwa siku 365. Hiyo ni dolari 0,40 kwa siku. Kama zimebaki siku 90, sehemu yake ni dolari 36. Lakini kodi na gharama za makaratasi, ambazo katika risiti zinaandikwa kando, kwa kawaida hazirudi. Tena kama kulikuwa na ajali iliyolipwa katika ule mwaka, kontra zingine zinakataa kurudisha kitu. Ndiyo maana mwenye kutaka kuhama katikati ya mwaka kwa sababu ya bei tu, apige kwanza hesabu. Mara nyingi kungojea siku ya kuisha inamfaa zaidi.

Ombi la kurudishiwa liandikwe ndani ya ile barua ya kuvunja, na namba ya konti ao ya simu ya kupokelea.

Ajali ya mbele inabaki kwa kampuni ya mbele

Kama ajali ilitokea siku kontra ya zamani ingali na nguvu, ni kampuni ya zamani inapashwa kulipa, hata kama mtu amekwisha kuhama, na hata kama mgonjwa angali hospitalini. Kwa hiyo kuhama hakufute ajali, wala hakuihamishe. Mwenye gari anapashwa kuitangaza katika siku zilizoandikwa ndani ya kontra, na kuchunga makaratasi ya zamani kwa miaka kadhaa. Familia ya mtu aliyegongwa nayo ijue hivyo: swali la kuuliza si «uko na asiransi gani leo?», ni «siku ya ajali ulikuwa na gani?».

Gari ikiuzwa

Kuuza gari na kumwachia mnunuzi atestasio ndani ya kioo ni desturi ya watu wengi, na ni hatari kwa wote wawili. Muuzaji jina lake linabaki katika kontra. Mnunuzi anawaza kama analindwa, na siku ya ajali kampuni inauliza: huyu ni nani? Muuzaji anapashwa kuandikia kampuni mara moja, na kutia fotokopi ya karatasi ya kuuzisha. Kiisha atachagua: kuvunja kontra, ao kuihamisha ku gari ingine aliyonunua. Kuhamisha kunaandikwa katika karatasi inayoitwa «avenant». Mnunuzi yeye anunue asiransi kwa jina lake mbele ya kuwasha gari.

Kama gari ilinunuliwa kwa mkopo, benki ao koperative inaweza kuwa imeandikwa katika kontra kama wa kwanza kulipwa. Hapo mtu asivunje kitu bila kuambia mwenye mkopo, na kontra mpya itaje jina lake vilevile.

Wanaovuka mpaka

Kwa gari zinazoenda Rwanda, Uganda ao Burundi, kuna karte ya manjano ya COMESA, ambayo inafanya asiransi iliyonunuliwa Kongo itambuliwe katika inchi zingine zilizo katika ule mpango. Karte hiyo inasimama juu ya kontra ya kawaida. Kontra ikivunjwa, karte nayo imeanguka, hata kama tarehe juu yake haijafika. Shofere wa Kasindi, Mahagi ao Uvira aliyehama kampuni asivuke mpaka na karte ya zamani. Aombe mpya ku kampuni mpya siku ile ile anaposaini.

Kama biro imefungwa

Mashariki, vita na kukimbia vimefunga biro nyingi. Goma na Bukavu, benki zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na malipo yakawa magumu. Hata hapo kontra haivunjike yenyewe. Mtu anaweza kupeleka barua ku ajansi ingine ya kampuni ile ile, ao ku biro kubwa ya Kinshasa, kwa njia ya ndugu ao msafiri atakayerudisha nakala yenye muhuri. Barua ya emaili inasaidia kama inatumwa ku anwani iliyoandikwa katika kontra na jibu likarudi. Picha ya barua, tarehe ya kutuma na majibu yote yachungwe ndani ya simu na pengine tena, sababu simu inaibiwa.

Malipo ya kampuni mpya yafanywe kwa njia inayoacha alama, na risiti iwe kwa jina la kampuni, si la ajenti. Mtu akishuku atestasio, apige simu ku kampuni na kusoma namba yake: wataona kama iko katika kitabu chao.

Asiransi zingine

Kwa nyumba na duka, kanuni ni zile zile: hakuna siku ya kubaki wazi, sababu moto hauchague siku. Kwa afya kuna mtego mmoja: «délai de carence», miezi ya kungojea ambamo kampuni mpya hailipe bado magonjwa fulani ao kuzaa. Mama mwenye mimba akihama katikati anaweza kujikuta bila ulinzi siku ya kujifungua. Aulize kwanza. Kwa asiransi ya maisha, kuivunja mapema kunaweza kupoteza sehemu kubwa ya akiba. Aombe kwanza kiasi atakachorudishiwa, kwa maandishi.

Kampuni ikikataa

Kwanza mtu aandikie kampuni yenyewe malalamiko yake, na nakala ya barua iliyopokelewa. Kama haijibu ao anaona hakuna haki, anaweza kupeleka malalamiko ku ARCA, yenye kusimamia kampuni zote. Kiisha, kuna tribinali. Kila mahali ataulizwa kitu kimoja: makaratasi.

Ndani ya bahasha moja, kavu na mbali na maji ya mvua, kunapashwa kubaki vitu vitano: kontra ya zamani, barua ya kuvunja yenye muhuri, jibu la kampuni, risiti zote, na kontra mpya. Mwenye hiyo bahasha hata siku ya ajali atajua ni nani wa kumwita. Na yule aliyegongwa naye atapata wa kumlipia hospitali.